Maswali na Majibu: Seli ikishashona ujumbe, nani anabaki kwenye mshono?

Toleo lililopita niliandika mistari mitatu tu, yaani mitatu, nikimjibu mtu wa Tukuyu aliyeuliza jeni inasomwaje. Nikasema seli inanakili jeni kuwa ujumbe unaoitwa RNA, afu inakata vipande isivyovihitaji na kushona vinavyobaki kama fundi cherehani, na ikimaliza inaacha pini za protini karibu na kila mshono. Basi simu haijapumzika. Nimechagua meseji nne, moja imenigombeza na naanza na hiyohiyo.

Mwalimu, mi ni fundi hapa Mwanjelwa, nashona sare za shule na magauni ya vitenge. Nimesoma ulivyoandika eti fundi anaacha pini kwenye mshono. Fundi gani huyo? Ukiacha pini mteja anachomwa, kesho yake anarudi na mume wake. Kama unataka mfano sema bandi, uzi wa kushikizia, ule tunautoa mteja akishajaribu nguo.
*Fundi, Mwanjelwa*

Fundi umenishika, tena umenishika pazuri, maana mfano wako ni bora kuliko wangu na kuanzia leo natumia bandi. Ngoja nikuonyeshe kwa nini.

Jeni zetu nyingi hazijaandikwa mfululizo. Maneno yenye maana, yanaitwa eksoni, yamekatwakatwa na vipande virefu visivyoingia kwenye protini, hivyo ndo introni. Eksoni ya kawaida ya binadamu ni kama herufi 150 hivi, introni inaweza kuwa maelfu ya herufi, kwaiyo fikiria umeletewa jora zima la kitenge ili utoe leso moja. Jambo hili lilijulikana mwaka 1977, Phillip Sharp na Richard Roberts, kila mmoja na watu wake, walipokuwa wanachunguza kirusi cha adeno, na mwaka 1993 wakapewa Nobel. Mashine inayokata na kuunganisha inaitwa splaisosomu, kazi yenyewe splaisingi.

Sasa splaisosomu ikishashona, kabla ya kila mshono, kwa upande ule unaotangulia kusomwa, herufi kama 20 hadi 24 hivi, inaacha kundi la protini. Wataalamu wanaliita EJC, na hilo ndo bandi letu. Ndani yake mwenye kushika ni protini inaitwa eIF4A3, halafu kuna wawili wanatembea pamoja siku zote, MAGOH na Y14, kazi yao ni kumbana huyo wa kwanza asiachie. Jina MAGOH lina kisa kidogo nisikifiche. Limetokana na inzi wa matunda, watafiti walikuta inzi jike mwenye jeni hiyo mbovu anazaa watoto vizuri tu ila watoto wenyewe ni tasa, wakaipa jeni jina la Kijapani mago nashi, maana yake bila wajukuu. Ukimwambia bibi wa Rungwe jina hilo anakufukuza na fimbo.

Haya, bandi yako sasa. Ujumbe ukishashonwa unatoka kwenye kiini cha seli na bandi zake, unakutana na ribosomu, huyo ndo msomaji anayetengeneza protini. Ribosomu ikipita mara ya kwanza inang'oa bandi moja moja njiani, na kuna protini nyingine inaitwa PYM nayo inasaidia kuzifumua. Kwaiyo ni kama ulivyosema, mteja anajaribu nguo, ikimkaa uzi unatolewa.

Na isipomkaa? Hapo ndo utamu ulipo. Tuseme jeni imeharibika herufi moja, katikati ya ujumbe pakatokea alama ya kusimama. Ribosomu inafika hapo inasimama, lakini mbele yake bado kuna bandi haijaguswa. Kama alama hiyo iko zaidi ya herufi 50 hadi 55 kabla ya mshono wa mwisho, seli inaelewa nguo hii ina kasoro, fundi alikusudia iendelee, protini za kundi la UPF zinaitana na ujumbe wote unachanwachanwa. Haitengenezwi protini nusu. Yaani bandi ni uzi wa kushikizia na ni ushahidi pia.

Mfano wa kweli ni jeni ya beta-globini, ile ya hemoglobini ya damu. Ina eksoni tatu, mishono miwili. Alama ya kusimama ikitokea mapema kwenye eksoni ya kwanza au ya pili, mara nyingi ujumbe unaharibiwa, na mtu mwenye nakala moja mbovu na moja nzima anaishi vizuri kiasi kwa sababu nakala nzima inafanya kazi bila kusumbuliwa. Lakini ikitokea kwenye eksoni ya tatu, mbele hakuna mshono tena, hakuna bandi, seli haishtuki, protini iliyokatika inatengenezwa na kwenda kuvuruga zile nzima, mtu anaumwa thalasemia, ugonjwa wa upungufu wa damu, hata kama ana nakala moja tu mbovu. Watu wa huku tunaijua zaidi sikoseli, nayo ni jeni hiyohiyo, ila kwenye sikoseli herufi iliyobadilika haileti alama ya kusimama, ujumbe unasomwa mpaka mwisho na bandi zote zinatoka, ukaguzi huu hauoni kitu.

Mwalimu habari za huko. Binti yangu yuko mwaka wa mwisho chuoni, kaja likizo nikamuuliza sasa hivi unasoma nini, akasema mama nachora ramani ya mahali protini zinaposhika RNA baada ya kushonwa. Nikamuuliza ramani hiyo inapita mto gani, akacheka mpaka akakaa chini. Mi nauza viazi hapa Uyole, ada nalipa mwenyewe, na mtoto muda wote yuko kwenye laptop, sijamuona na darubini wala koti jeupe. Kweli anasoma au nadanganywa?
*Mama, Uyole*

Shikamoo mama, ugonile. Hudanganywi. Nakuandikia kwa kirefu maana wewe ndo unalipa.

Kazi ya kushika protini na RNA kwa mikono ilifanyika maabara, na watafiti wakishamaliza wanaweka data zao kwenye hazina za wazi za intaneti ambako mwanafunzi yeyote, awe Mbeya awe Boston, anazipakua bure na kuzichambua upya. Sehemu kubwa ya kuchora ramani ni hiyo ya kompyuta. Koti jeupe alivaa mwingine.

Lakini ujue hizo data zinapatikanaje, ili akikuelezea usiwe unaitikia tu. Njia maarufu inaitwa CLIP, ilitoka mwaka 2003 kwa akina Jernej Ule na Robert Darnell, walikuwa wanatafuta protini za ubongo zinaitwa Nova zinashika wapi. Unachukua seli hai kwenye sahani, unaweka juu ya barafu, unazimulika kwa mwanga wa urujuanimno wa nanomita 254. Mwanga huo unafanya protini na RNA zilizogusana kabisa, kugusana kweli sio kukaa jirani, ziungane moja kwa moja kama umezipiga super glue. Zilizokaa karibu bila kugusana hazigandi, na protini kwa protini haziungani, hapo ndo uzuri wa njia yenyewe. Ubaya wake ni kwamba zinazoganda ni sehemu ndogo tu, nyingi zinakwepa.

Halafu unapasua seli na kumwaga kimeng'enya kinachokula RNA. Fikiria shamba la mahindi likishavunwa, ng'ombe wakaingizwa kula mabua, wanakula yote isipokuwa pale ulipotandika turubai. Protini ndo turubai. Kinachobaki ni vipande vifupi vya RNA vilivyofunikwa. Kisha unaleta kingamwili inayoitambua protini unayoitaka peke yake, mfano hiyo eIF4A3 niliyomwambia fundi, kingamwili imebandikwa kwenye vishanga vidogo vya sumaku, unavuta kwa sumaku, unaosha kwa nguvu mara nyingi ili wadandiaji watoke. Mwisho unayeyusha protini kwa kimeng'enya kingine, unabaki na kipande cha RNA kilichokuwa chini ya turubai, unakigeuza kuwa DNA, mashine inasoma herufi zake. Vipande mamilioni.

Hapo sasa anaingia binti yako. Kila kipande anakirudisha kwenye jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, aone kimetoka wapi, vikirundikana mahali pamoja anasema hapa protini ilishika. Rundo baada ya rundo, hiyo ndo ramani. Na kuna kero yake ya kipekee: kipande kinaweza kuwa kimevuka mshono, nusu iko eksoni hii na nusu eksoni ile, kwenye ujumbe ni majirani lakini kwenye jenomu kati yao kuna introni ya herufi elfu kadhaa, programu isiyojua kuruka inakitupa kama takataka. Kwa mtu anayetafuta kitu kilichokaa herufi 24 tu kutoka kwenye mshono, kutupa vipande vya aina hiyo ni kupoteza ushahidi mlangoni.

Ukitaka kujua kama anasoma kweli muulize swali moja, mama, mwambie umelinganisha na kiasi cha RNA yenyewe? Atashtuka. Maana kuna ujumbe ambao seli inatengeneza kwa wingi na mwingine kidogo sana, ule wa wingi utatoa vipande vingi hata kama protini imeugusa kwa bahati mbaya tu. Ukikuta maganda ya viazi yamejaa jalala la Uyole huwezi kusema watu wa Uyole wanapenda viazi kuliko watu wa Iringa, viazi vyenyewe ndo vimejaa. Lazima ugawe kwa kilichopo. Mwambie pia ahakikishe nakala za kipande kimoja hazihesabiwi mara kumi, mashine ya kukuza DNA ina tabia hiyo, ndo maana kwenye njia ya iCLIP ya mwaka 2010 kila kipande kinabandikwa herufi za nasibu kama namba ya gunia kabla hakijakuzwa.

Akijibu hayo yote mpe na nauli ya kurudi. Ndaga fijo kwa swali lako, na hilo la mto gani nitalitumia darasani.

Kamwene mwalimu. Mi niko form six PCB hapa Iringa. Kama inajulikana EJC inakaa herufi 20 hadi 24 kabla ya mshono, na mishono yote ya jeni inajulikana, si unahesabu tu kwa rula unapata ramani nzima? Kwa nini watu wanatumia hela zote hizo kumulika seli?
*Mwanafunzi, Iringa*

Kamwene mdogo wangu. Swali hili ningelitoa kwenye mtihani, na nikiri kwamba miaka ya nyuma mimi mwenyewe nilikuwa nafundisha kwa rula.

Hiyo 20 hadi 24 ilitoka mwaka 2000, kazi ya Hervé Le Hir na Melissa Moore pamoja na wenzao Elisa Izaurralde na Lynne Maquat. Ila angalia walivyoipata: walifanya splaisingi ndani ya tyubu, kwa majimaji yaliyotolewa kwenye viini vya seli, na RNA chache walizozitengeneza wenyewe. Ilikuwa kazi safi sana. Lakini kutoka RNA chache za kwenye tyubu kwenda maelfu ya jeni ndani ya seli hai ni safari, kujua namba ya nyumba sio kujua kama mwenyewe yupo.

Na huwezi kumtabiri kwa kusoma herufi pia. Mwaka 2006 ilipoonekana picha ya EJC kwa fuwele na eksirei ikajulikana kwamba eIF4A3 haishiki herufi, inashika uti wa mgongo wa RNA, ule wa sukari na fosfeti ambao uko vilevile kila mahali. Protini nyingine zinapenda neno fulani ukiliona unasema hapa lazima apite, huyu hana neno analolipenda, anakaa pale alipowekwa na splaisosomu na basi. Kwaiyo hakuna njia ya mkato, lazima ukapige hodi.

Miaka 12 baada ya ile kazi ya tyubu, yaani 2012, ndo hodi ikapigwa, tena na makundi mawili mwaka mmoja kwa njia tofauti. Kundi la Le Hir kule Ufaransa lilitumia CLIP kwenye seli za HeLa, seli za binadamu zinazokuzwa maabara, kama nilivyomweleza mama wa Uyole. Kundi la Moore kule Marekani, Guramrit Singh ndo alikuwa mstari wa mbele, halikutegemea mwanga wa urujuanimno, lilitumia njia inaitwa RIPiT: unamkamata mmoja wa kundi kwa kibandiko, unamwachia, kisha kwenye hao waliobaki mkononi unamkamata mwenzake wa pili. Mimi naipenda hii njia kwa sababu ya ujanja wake, ukimkuta eIF4A3 peke yake hujui alikuwa kwenye kazi gani, ila ukimkuta na Y14 wameshikana unajua ni EJC iliyokamilika.

Majibu? Rula haikudanganya, rundo kubwa kabisa lilikuwa palepale, kama herufi 24 kabla ya mshono, na mishono mingi ina EJC. Lakini sio yote, na hailingani. Ndani ya ujumbe mmoja mshono huu una rundo refu, unaofuata rundo fupi, mwingine hauna kitu. Halafu vikaonekana vipande vilivyotoka mbali na ile sehemu ya herufi 24, mahali ambapo rula yako isingefika kamwe. Na watu wa Moore wakakuta kitu kingine ambacho hakuna aliyekuwa anakitafuta: EJC hazikai moja moja kama nguzo za umeme, zinashikana zenyewe kwa zenyewe na pia na protini za jamii ya SR, zile zinazosaidia splaisingi, tena SR wakiwa wengi kuliko wao, zinatengeneza donge kubwa ambalo linaukunja ujumbe ukawa kifurushi. Hapo ndo ujue ramani inaweza kukuambia hata umbo, sio anuani tu.

Sasa usikimbilie kusema mshono usio na rundo hauna EJC. Urujuanimno unagandisha vizuri zaidi penye U, moja ya herufi nne za RNA, kuliko kwingine, kwaiyo pengine EJC ilikuwepo ila haikuganda. Au iliwekwa ikang'olewa na ribosomu kabla hujawasha taa. Ndo sababu njia mbili zisizofanana kukubaliana ni jambo kubwa kuliko njia moja kurudiwa mara mbili.

EJC yenyewe pia inabadilika ikiwa njiani, jambo ambalo kwa rula ungelijulia wapi. Mwaka 2018 kikundi cha huyohuyo Singh, sasa akiwa na maabara yake Ohio, kilionyesha kwamba EJC changa iliyoko kwenye kiini inatembea na protini inaitwa RNPS1, ikitoka nje huyo anapungua na CASC3 anachukua nafasi. Basi linaloshuka Kitonga lina konda mmoja na likipanda lina mwingine, ukipiga picha moja utasema huyu wa kwenye picha ndo konda wa siku zote.

Na juzijuzi, kazi za mwaka 2022 na 2023 zimeonyesha EJC inazuia alama ya kikemia inayobandikwa kwenye RNA, inaitwa m6A, isiwekwe karibu na mishono. Ilikuwa fumbo kwa nini alama hiyo inajazana kwenye eksoni ndefu na karibu na mwisho wa ujumbe, watu wakatafuta nani anaipeleka huko, kumbe inatakiwa iende kila mahali ila kwenye eksoni fupi za katikati bandi zimeziba njia. Aliyeligundua hilo alihitaji ramani mbili aziweke juu ya nyingine, ya EJC na ya m6A, aone pale penye moja nyingine haipo.

Mwalimu, mi dereva wa malori njia ya Tunduma, nilichanjwa chanjo ya korona ile ya mRNA. Kwa hayo uliyoandika ina maana nimedungwa na hizo pini zako?
*Dereva, Tunduma*

Hapana kaka. Ile RNA inatengenezwa kiwandani ndani ya chombo, kimeng'enya kinanakili DNA ambayo haina introni hata moja, hakuna kilichokatwa, hakuna mshono, splaisosomu haijawahi kuiona. Kwaiyo inaingia mwilini bila bandi na ribosomu inaisoma hivyohivyo, maana bandi sio sharti la kusomwa. Kilichofanya seli isiikatae ni herufi zilizobadilishwa kidogo, ndo kazi iliyowapa Katalin Karikó na Drew Weissman Nobel ya mwaka 2023. Halafu yule Melissa Moore niliyemtaja kwa mwanafunzi wa Iringa, aliyehesabu hizo herufi 24, mwaka 2016 aliacha chuo akaenda kufanya kazi Moderna, kwenye RNA zisizo na mshono.